Kadi ya Shangazi: deni la siri lilivyomwangusha mwalimu mstaafu

Shangazi yangu alianguka usiku wa kuamkia Jumapili, mwishoni mwa Septemba 2025, akitoka chooni. Choo chake kiko nje, hatua kama ishirini kutoka mlango wa nyuma, na njia yake ni udongo uliokanyagwa ukawa laini. Alikaa pale chini, mkono wa kushoto ukiwa umevunjika kwenye kifundo, mpaka jirani aliyekuwa akienda swala ya alfajiri akamsikia akiita.

Anaishi Muheza, mkoani Tanga, peke yake, katika nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Ana miaka 72. Watoto wake wawili wako mbali, wa kwanza Dar es Salaam na wa pili Mwanza. Mimi niko Tanga mjini, kilomita kama 35 tu, kwa hiyo simu ya kwanza ilipigwa kwangu. Mwenyewe ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti la kutomtaja jina. Akaongeza sharti la pili: nisimfanye aonekane mjinga. Sharti hilo ni jepesi kulitimiza, maana katika kisa hiki chote sijaona ujinga wake. Nimeona upweke, nimeona haya, na nimeona sisi ndugu zake tukitazama upande mwingine.

Hospitali walimfunga plasta ngumu, wakasema ana bahati nyonga haikuguswa. Familia nzima tukapumua, na palepale tukaanza kusema lile ambalo kila familia husema: umri umefika, mama hawezi tena kukaa peke yake. Kaka, mwanawe wa kwanza, alikuwa tayari ameanza kusafisha chumba kwake Mbagala, Dar es Salaam.

Mambo mawili yalinizuia nisiitikie.

La kwanza ni jikoni. Niliingia kumpikia uji nikakuta sukari hakuna, mafuta ya kula yapo kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, unga umefungwa kwenye mfuko kwa kipimo cha siku. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akinifungashia machungwa na nazi kila nikimtembelea. Aprili nilikuwa nimemwona amepungua, nikamsifu. Nilimwambia, "Shangazi umependeza, umerudi usichana." Akacheka. Neno hilo linanichoma hadi leo.

La pili ni kadi ya benki. Nilimwomba kadi nikamtolee fedha za kununulia vitu, kama nilivyokuwa nikimfanyia zamani akiwa na homa. Akasema ipo kabatini. Nikafungua kabati, haipo. Akasema labda iko kwenye mkoba wa kanisani. Haikuwapo. Kisha akajifunika khanga kichwani, akageukia ukutani, akasema, "Niachie, mwanangu. Nitaitafuta mwenyewe."

Nilifanya kazi ya ukarani wa benki miaka tisa. Sauti ile ya mtu anayeitafuta kadi ambayo anajua iliko niliisikia mara nyingi dirishani, na karibu kila mara ilikuwa ya mstaafu.

*

Sikumbana siku ile. Nililala naye siku nne, tukipika na kusikiliza redio, na usiku wa nne, umeme ukiwa umekatika, akaanza kusimulia bila kuulizwa. Gizani ilimwia rahisi zaidi.

Julai 2024 alipigiwa simu. Aliyepiga alimwita Mwalimu, akamtajia shule aliyostaafia na mwaka aliostaafu, 2013. Akasema anatoka mfuko wa pensheni. Maneno yake yalipangwa kwa ustadi. Wastaafu wa zamani wanakumbuka kwamba mwaka 2018 mifuko minne ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa ikawa PSSSF. Tapeli akasema faili lake "lilibaki nyuma" wakati wa kuunganisha, na kwamba ana mapunjo ya shilingi 7,400,000. Tena mwezi mmoja kabla, Juni 2024, Serikali ilikuwa imetangaza bungeni kupandisha mkupuo wa kustaafu kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa kundi kubwa la watumishi. Redio zote zilikuwa zikizungumzia kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu. Kwa mtu aliyekaa kijiweni na wastaafu wenzake akisikia habari hizo kila siku, simu ile ilikuwa kama jibu lililochelewa kidogo tu.

Wanaosema "mimi nisingeingia" naomba wapime hapo. Hakutumiwa meseji ya ovyo ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Aliletewa historia yake mwenyewe, kwa jina lake la heshima, na mtu aliyekuwa na adabu. Alianza kufundisha mwaka 1975, Azimio la Musoma, lile la elimu ya msingi kwa wote, likiwa bado bichi, akafundisha miaka 38, madarasa ya watoto 70 na zaidi, na kuna miezi mishahara ilichelewa. Kuambiwa kwamba anaidai Serikali haki yake hakukumshangaza. Alikuwa akikusubiri.

Ada ya "kufufua faili" ilikuwa shilingi 480,000, ilipwe kabla ya saa kumi jioni, na asimwambie mtu kwa sababu orodha ya majina ni ya siri. Haraka na siri, pamoja. Hakuwa na kiasi hicho. Wastaafu wenzake wakawa wamemweleza siku za nyuma kuhusu bwana mmoja wa Tanga anayekopesha bila usumbufu. Alimpigia, bwana akaja na pikipiki, akampa 500,000 mkononi, akaondoka na kadi ya benki na namba ya siri iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari.

Saa kumi jioni ada ilikuwa imetumwa. Kufikia Jumatatu namba ile haikupatikana tena.

Mikopo ya namna hii ina jina ambalo halihitaji maelezo: kausha damu. Masharti ya bwana yule yalikuwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na mtaji unalipwa wote kwa mkupuo siku mkopaji atakapoupata. Pensheni ya Shangazi ni shilingi 280,000. Kila mwezi ilipoingia, bwana alikwenda mashineni Tanga, akatoa zote, akakata riba 150,000 na "nauli yake" 10,000, akamtumia Shangazi 120,000. Mtaji ukabaki palepale. Kuanzia Agosti 2024 hadi Septemba 2025 ni miezi 14. Amelipa riba ya shilingi 2,100,000 kwa mkopo wa 500,000, na siku anaanguka alikuwa bado anadaiwa 500,000.

Nikiwa benki niliwaona hawa wakopeshaji. Husimama kwenye mashine alfajiri, siku za mishahara na pensheni, wakiwa na kadi nane, kumi, zimefungwa kwa mpira kama karata. Hawamkopeshi mzee asiye na kitu. Jirani wa Shangazi, mzee wa rika lake aliyelima maisha yake yote, hana pensheni, na Tanzania Bara bado haina pensheni ya wazee wote kama ile ambayo Zanzibar ilianza kuwalipa wenye miaka 70 na kuendelea mwaka 2016. Mzee huyo hana wa kumkopesha hata elfu kumi. Kausha damu hufuata fedha yenye uhakika. Ile pensheni, ambayo sisi watoto tuliihesabu kuwa ndiyo ngao yake, ndiyo iliyowavuta wote wawili, tapeli na mkopeshaji.

*

Sasa nirudi kwenye kuanguka, kwa sababu hapa ndipo familia ilipokosea hesabu. Sisi tuliona matukio mawili: uzee umemwangusha, na kumbe pia kuna mambo ya fedha. Nilipokaa na Shangazi tukafuata siku zake moja baada ya nyingine, niligundua ni tukio moja.

Kwa shilingi 120,000 alilipa umeme, maji, mchango wa kikundi cha kuzikana, akanunua chakula cha mlo mmoja kamili kwa siku. Mlo huo aliula jioni ili alale ameshiba. Ana presha tangu 2016, na kadi ya bima ya afya anayo, kwa kuwa wastaafu waliochangia NHIF huendelea kutibiwa. Lakini Machi 2025 aliacha kwenda kliniki. Nilipouliza kwa nini, jibu halikuwa la nauli. Siku ya kliniki hukutana na walimu wenzake, na wastaafu wakikutana huulizana habari za pensheni. Hakuwa na la kuwajibu.

Badala ya kliniki akawa ananunua dawa duka la dawa, na katika dawa zake mbili akachagua ile ya bei ndogo, kidonge cha kupunguza maji mwilini. Kidonge hicho humfanya mtu akojoe sana saa chache baada ya kukimeza, ndiyo maana kwa kawaida hunywewa asubuhi. Yeye alikinywa jioni, kwa sababu alifundishwa kunywa dawa baada ya chakula, na chakula chake kilikuwa jioni. Basi akawa anaamka mara tatu, mara nne kila usiku. Anaamka mwili umepungukiwa maji, anasimama ghafla, kichwa kinazunguka, anavaa kandambili zilizoliwa visigino, anatoka gizani. Balbu ya nyuma iliungua Mei. Hakununua nyingine.

Daktari aliyempima baadaye alimlaza kwanza, kisha akampima tena amesimama. Presha ya juu ilishuka kutoka 146 hadi 118 kwa kusimama tu. Pia akaona mtoto wa jicho, jicho la kulia. Hayo mawili yangemtikisa hata kama asingekuwa na deni. Lakini mtu anayekwenda kliniki yanaonekana mapema, na mtu anayekula mchana hanywi kidonge cha mkojo jioni.

Kuna jambo jingine, na hili naliona zito kuliko kidonge. Alikuwa ameacha kwaya. Kanisani kwake kuna kwaya ya akina mama ambayo aliiimbia miaka zaidi ya ishirini, mazoezi Jumatano na Jumamosi, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, tena kuna kilima. Sare mpya ilipoamuliwa Januari hakuwa na fedha ya kitenge, akasema magoti yanamsumbua. Akabaki nyumbani. Miezi minane ya kukaa kibarazani ilimlegeza mapaja hata akawa anashika ukuta akiinuka kwenye kiti. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wa miaka 65 na kuendelea watembee au wafanye kazi ya kuchangamsha mwili dakika 150 kwa wiki walau, na siku tatu kati ya hizo wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisimamisha imara, hasa kwa ajili ya kuzuia kuanguka. Kwaya peke yake ilikuwa ikimpa dakika 120 za mwendo, bila mtu yeyote kuiita mazoezi. Duniani watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na walio wengi katika hao ni wazee. Kwa hiyo kitenge cha sare kilikuwa kitu kikubwa kuliko nilivyodhani.

*

Kikao cha familia kilifanyika wiki mbili baadaye, sebuleni kwake. Kaka alikuja na mkewe. Dada wa Mwanza alikuwa kwenye simu, spika imewashwa, simu imewekwa juu ya kitambaa cha meza. Shangazi alikubali mwenyewe kuwaeleza habari za kadi. Alisimulia akiwa ameinamisha uso, kama mtoto aliyeitwa ofisini.

Kaka alikasirika, kisha akalia, kisha akatoa mpango wake. Mama ahamie Mbagala. Nyumba ipangishwe. Kadi ikishapatikana aitunze yeye, pamoja na namba ya siri, na kila mwezi atampa mama mahitaji yake. Nataka nimtendee haki kaka yangu: mpango ule ulitoka kwenye mapenzi na hofu. Alikuwa amejiona mtoto asiyefaa, na mtu akijiona hivyo hutaka kufanya kubwa kwa haraka.

Lakini nilipokuwa nikimsikiliza nilikuwa nikiiona ile kadi. Ingetoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine. Angekuwa tena anatumiwa kiasi na mtu mwingine, anaomba, anaeleza fedha ya nini. Mkono wa mwanawe ni mkono mwema, na bado kadi isingekuwa yake. Na Mbagala hamjui mtu. Muheza yule jirani aliyemsikia akiita alfajiri alimsikia kwa sababu anajua sauti yake.

Nikasema, "Shangazi, wewe unatakaje?"

Dada akasema kwenye simu kwamba hata yeye alitaka kuuliza hivyo. Shangazi alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani atasema anataka kubaki kwake. Akasema, "Nataka kadi yangu."

Kaka akauliza swali la haki kabisa: "Na wakikupigia tena, mama?"

Hapo ndipo Shangazi alipoinua uso. Kabla ya haya yote alikuwa mweka hazina wa VICOBA yao, kikundi cha kuweka na kukopa, kwa miaka sita. Sanduku la VICOBA lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu, sanduku lenyewe likiwa kwa mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na hakuna anayeona kuwa ametukanwa kwa hilo. Akasema, "Mimi nilikaa na ufunguo mmoja miaka sita na senti haikupotea. Nifungieni hivyo. Msinifungie kama mtoto."

Tukakaa kupanga kufuli. Kadi na namba ya siri ni vyake peke yake, haambiwi mtu, hata mimi. Fedha yoyote inayozidi 50,000 inayokwenda kwa mtu asiye wa nyumbani inalala usiku mmoja kabla ya kutumwa, na kabla haijatumwa anawapigia watu wawili, mimi na mama mmoja wa kwaya aliyemchagua yeye. Sisi hatuna mamlaka ya kukataa. Kazi yetu ni kusikia tu. Utapeli ule wa Julai ulisimama juu ya miguu miwili, haraka na siri, na utaratibu huu unaikata yote miwili bila kumnyang'anya uamuzi.

Kufuli ya tatu aliiweka yeye na haikutupendeza: hakuna ndugu atakayemkopa tena kwa simu. Kila mmoja anapiga akiwa na shida yake, naye hawezi kusema hana. Alikuwa akituangalia wote. Kiinua mgongo chake cha 2013 kilinunua bodaboda ya kaka, kikaezeka nyumba ya dada, na ada yangu ya mwaka wa pili chuoni ilitoka humohumo. Hakuna aliyerudisha, wala hatukuwahi kukaa tukaitaja. Siku ile tuliitaja. Nilikuwa nimekuja Muheza kama mwokozi, nikakuta jina langu nalo lipo kwenye orodha ya waliompunguza.

*

Kuipata kadi kulikuwa rahisi kuliko tulivyoogopa, na nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu najua wako wengine ambao kadi zao ziko kwenye mpira wa mtu.

Hakuna haja ya kumfuata mkopeshaji kumbembeleza. Shangazi alikwenda benki mwenyewe na kitambulisho chake cha NIDA, plasta mkononi, akaomba kadi ya zamani ifungwe na atolewe mpya yenye namba ya siri mpya. Kuanzia dakika ile kadi iliyo Tanga ikawa kipande cha plastiki. Nilikaa nje kwenye kiti cha wateja. Alitaka aingie peke yake.

Tulipewa pia taarifa ya akaunti ya miezi 14. Mistari yote ilifanana: pensheni imeingia, na saa chache baadaye imetoka yote kwenye mashine za Tanga.

Mkopeshaji alikuja siku tatu baada ya pensheni ya Oktoba, na sauti ilikuwa kubwa. Shangazi alimwambia wakutane ofisi ya mtendaji wa kata. Kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, anayekopesha watu kwa biashara anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na ukomo wa riba kwa kundi lake ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Wizara ya Fedha imekuwa ikituma watu mikoani kueleza kwamba kushikilia kadi ya benki ya mkopaji ni kosa. Mtendaji aliuliza leseni. Haikuwapo.

Lakini kilichomaliza maneno siku ile ni daftari. Shangazi alikuwa na kitu kinachomsumbua ambacho sikukitarajia: alitaka kulipa. "Nilikopa. Nimelelewa kulipa." Usiku uliotangulia alikaa mezani na kalamu, kwa mkono wa kulia ulio mzima, akapiga hesabu kama anavyomfundisha mtoto wa darasa la sita. Mtaji 500,000. Riba halali ya asilimia 3.5 ni 17,500 kwa mwezi, kwa miezi 14 ni 245,000. Jumla anayopaswa kulipa 745,000. Alizolipa 2,100,000. Zimezidi 1,355,000. Akapiga mstari mara mbili chini kwa rula. Alipoisoma hesabu hiyo mbele ya mtendaji, nilitambua kwamba hakuwa akimsomea mkopeshaji. Alikuwa akijisomea mwenyewe kwamba hadaiwi.

Bwana yule alitia saini karatasi ya kufunga deni, akarudisha kadi mfu. Ile ziada ya 1,355,000 hatujaipata. Tulishukuru pia kwamba hakuwa amemsainisha mkataba wa mauziano ya nyumba, maana wako wanaofanya hivyo, wakauita mkopo kwa mdomo na mauzo kwa maandishi. Ukiwa na mzee aliyekopa, uliza kuhusu karatasi aliyotia saini kabla hujauliza kiasi.

Za tapeli zimekwenda. Tuliripoti polisi tukapewa RB, na namba ile tuliituma 15040, namba ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeitenga kwa ajili ya meseji na simu za utapeli. Kwa *106# tukahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, ikaonekana moja asiyoijua, ikafungwa. Baada ya mwaka na zaidi hatukutegemea mengine. Lakini Shangazi aliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kuibandika juu ya meza ya simu: huduma kwa wateja wa mtandao hupiga kwa namba 100 tu, mfuko wa pensheni haudai ada, mtu mwema hana haraka nami.

*

Nyumba ilitugharimu kidogo kuliko nauli ya kumhamishia Dar na vitu vyake. Fundi alimwaga zege kwenye ile njia ya chooni, tukamwambia asilipige niru, aache juu pakwaruze. Akachomeka bomba la chuma ukutani ndani ya choo, la kushika wakati wa kuinuka, na jingine njiani. Taa ya sola inayojiwasha mtu akipita iliwekwa juu ya mlango. Kandambili zilitupwa, akanunuliwa ndala zenye mkanda nyuma. Tulipendekeza ndoo ya usiku chumbani, akakataa katakata, na hatukurudia.

Kidonge cha maji kilirudi asubuhi, na cha pili kikarudishwa. Amefundishwa kukaa ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ahesabu hadi thelathini ndipo asimame. Asubuhi anainuka na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu. Wiki ya kwanza aliweza mara tatu. Kisha anashika nguzo ya kibaraza na kusimama kwa mguu mmoja, na watoto wa jirani wanamwiga na kuanguka wakicheka. Hao watoto sasa anawafundisha kusoma, Jumatatu na Alhamisi jioni, na wazazi huleta walichonacho: mihogo, mayai, mara nyingine elfu moja.

Jicho bado. Amepangiwa upasuaji, ameuahirisha mara moja kwa kuogopa, na sisi tumemwacha apange tarehe mwenyewe ingawa kaka anaona tunachelewa. Nami naona hivyo, kwa kweli. Gizani jicho lile ni hatari hata kukiwa na taa. Ila tuliweka kufuli tatu na hakuna iliyosema tutamburuta hospitali.

Kwaya alirudi Desemba, sare ikiwa imeshonwa. Hajawaambia wenzake habari za deni. Amemwambia mmoja tu, yule aliyemchagua awe ufunguo, na mama huyo alipomaliza kusikiliza alisema kwamba kadi yake yeye iko Korogwe kwa mtu, tangu Pasaka. Walikwenda benki wote wawili wiki iliyofuata.

Pensheni inapoingia Shangazi hupanda basi dogo hadi mjini, huingia kwenye chumba cha mashine, hufunga mlango. Risiti zake anaziweka ndani ya boksi la chaki, kabatini, pale ambapo kadi haikuwapo. Mara ya mwisho nilipokwenda nilimkuta anazipanga kwa tarehe. Kaka akapiga, akasalimia, akauliza taratibu kama fedha ya mwezi imebaki.

"Ipo, mwanangu," akamjibu, akafunga boksi.